Mwalimu wa chuo kikuu asitembee peke yake: jinsi wenzake wanavyoweza kumsaidia kuanzisha jambo jipya

Chukua mfano wa mama mmoja, mwalimu katika fakulte ya kilimo ya chuo kikuu kimoja cha huku kwetu mashariki. Amekwisha kupita daraja la asistanti, sasa ni CT. Anafundisha, anasahihisha mitihani, anaongoza wanafunzi wanaoandika kazi zao za mwisho. Kwa miaka kadhaa amechunguza namna ya kutengeneza sosoma, ule unga wa uji wa watoto wa mtama, soya na mahindi, kwa njia ambayo hauharibiki upesi wakati wa mvua. Watoto wa jirani wanakunywa uji wake, na mama zao wanamwambia: "Mama Profesa, hii ungeiuza."

Lakini hasongi mbele. Anaogopa mkuu wa fakulte atasema ameacha masomo ili afanye biashara. Anaogopa mtu wa ofisi ya pili atachukua wazo lake. Zaidi ya yote anaogopa kwamba akishindwa, wanafunzi wake watamcheka. Basi daftari lake linabaki ndani ya kabati, na watoto wa mtaa wa pili wanaendelea kukosa uji.

Mama huyu ni mfano tu, lakini wengi watamtambua. Katika vyuo vyetu, ULPGL ya Goma, UEA ya Bukavu, Université Shalom ya Bunia na vingine vya serikali na vya kanisa, wapo walimu wenye mambo mazuri ndani ya makabati. Tukiwauliza wanakosa nini, wengi watajibu: pesa. Ni kweli, pesa inakosekana, hasa tangu benki za Goma na Bukavu zilipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025. Hata hivyo makala hii inataka kuonyesha jambo linalokuja kabla ya pesa, nalo halihitaji mfadhili: wenzake watatu au wanne wanaokutana naye kwa siku maalum, wanaomuuliza maswali ya kweli, na wanaomkumbusha ahadi zake.

Kazi mbili tofauti

Kwanza tutenganishe maneno mawili yanayotajwa pamoja kila siku. Ubunifu ni kupata njia mpya ya kutatua shida ya watu. Ujasiriamali ni kuifanya njia hiyo isimame kwa miguu yake: itengenezwe mara kwa mara, iuzwe kwa bei inayolipa gharama, iwafikie watu wasiomjua aliyeibuni.

Kazi ya kwanza mwalimu ameisomea. Ya pili mara nyingi hakuna aliyemfundisha. Darasani yeye ndiye anayejua, na wanafunzi ndio wanaosahihishwa. Sokoni mambo yanageuka: mnunuzi ndiye anayesahihisha, tena haandiki sababu kwenye karatasi. Anapita tu na kwenda kwa muuzaji mwingine. Mtu aliyezoea kuitwa Profesa huona aibu kusimama mahali asipojua. Ndiyo maana mafunzo ya siku mbili yenye cheti hayamtoshi. Anahitaji watu wa daraja lake, ambao nao wanajifunza na kukosea, ili aweze kusema bila haya: "Hapa nimekwama."

Fundisho lililo karibu nasi

Waumini wa Beni, Butembo na Mangina wanalo fundisho lililopita katika mitaa yao wenyewe. Mwaka 1995 Ebola ilipolipuka Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe na madaktari wenzake wa Kongo waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona. 7 kati yao wakapona. Wataalamu wengi wa nje walisita. Walisema wagonjwa hao ni wachache, na hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha nao.

Pingamizi hilo liliuma, lakini halikuwa la bure. Profesa hakulizika wazo lake, wala hakulibeba peke yake. Miaka ya baadaye alishirikiana na watafiti wa NIH, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani. Katika damu ya mtu aliyepona Kikwit walipata kingamwili moja, yaani askari wa damu anayeshika kirusi cha Ebola, wakaiita mAb114. Kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019 dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na nyingine tatu katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katikati ya vita na mashaka. Safari hii kulikuwa na makundi ya kulinganisha. Kati ya waliopewa mAb114 walikufa karibu 35 kwa 100. Kati ya waliopewa ZMapp, dawa iliyotumiwa kama kipimo, walikufa karibu 50 kwa 100. Kampuni ya Ridgeback Biotherapeutics ilipewa leseni ya kuiendeleza, na Desemba 2020 Marekani iliikubali rasmi kwa jina la Ebanga.

Kutoka Kikwit hadi siku hiyo ilipita miaka 25. Hebu tuone ni akina nani waliolibeba wazo hilo: daktari wa kitandani, mtafiti wa maabara, mgonjwa aliyepona na kutoa damu yake, kampuni iliyojua kutengeneza dawa, na pia wale waliouliza, "Mmelinganisha na nani?" Mwenye wazo anamhitaji kila mmoja wao. Rafiki anayesifu tu asingeifikisha dawa hiyo mahali ilipo.

Njia ya kusaidiana ilitoka wapi

Vikundi vya wenzake wa kazi vina historia. Mwingereza Reginald Revans, aliyezaliwa mwaka 1907, alikuwa mtaalamu wa fizikia katika maabara ya Cavendish huko Cambridge. Pale aliona jambo lililomshangaza: wanasayansi wakubwa, wengine wenye tuzo ya Nobel, walikaa pamoja na kuambiana yale ambayo hawakuyaelewa. Hawakukutana ili kuonyeshana akili zao.

Baada ya vita vya pili vya dunia Revans alifanya kazi katika shirika la taifa la makaa ya mawe la Uingereza. Aliwaweka wakubwa wa migodi katika vikundi vidogo. Kila mmoja alileta shida ya kweli ya mgodi wake, na wengine walimuuliza maswali mpaka aione shida hiyo kwa macho mapya. Halafu alirudi, akajaribu, na kuwaletea habari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipeleka njia hiyo Ubelgiji, ambako vyuo vikuu na makampuni makubwa viliitumia pamoja.

Marekani nayo ina mfano unaowahusu walimu wa chuo moja kwa moja. Tangu mwaka 2011 shirika la taifa la sayansi, NSF, linaendesha programu iitwayo I-Corps. Profesa haendi peke yake. Wanakuwa watatu: yeye, kijana atakayeongoza biashara, na mshauri mwenye uzoefu wa soko. Kwa muda wa majuma 7 kikundi kinatakiwa kuzungumza na watu 100 hivi ambao wangeweza kununua au kutumia kile walichobuni. Kila juma wanasimama mbele ya vikundi vingine kueleza walichosikia, na wenzao wanawauliza bila kuwabembeleza. Wengi wanagundua kwamba shida waliyoitatua siyo ile inayowaumiza watu. Ni afadhali kulijua hilo katika juma la tatu kuliko baada ya kukopa dola elfu tano.

Sisi tunaijua tayari kwa jina lingine

Mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mama zetu wanafanya likelemba tangu zamani. Katika makanisa mengi kuna AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo shirika la CARE lilianzisha Maradi, nchini Niger, mwaka 1991. Tunajua vinavyosimama: watu 15 hadi 25 waliochaguana wenyewe, siku moja isiyobadilika, sanduku lenye kufuli tatu na funguo zilizo kwa watu watatu, faini kwa anayechelewa, na mzunguko wenye mwisho, kwa kawaida mwaka mmoja, ndipo watu wanagawana.

AVEC inasimama kwa sababu kila mtu anaonekana na wenzake. Kikundi cha walimu kinaweza kufuata kanuni zilezile, ila kwanza kiweke ahadi ndani ya sanduku, pesa zitakuja baadaye. Hivi ndivyo kinavyoweza kufanya kazi.

Wawe watu wanne hadi sita. Wakizidi hapo, kila mmoja atapata dakika chache mno. Watoke fakulte tofauti: mmoja wa kilimo, mmoja wa sheria, mmoja wa uchumi, mmoja wa tiba au wa informatiki. Kwa njia hiyo hofu ya kuibiana wazo inapungua, na kila mmoja anajua kitu ambacho mwenzake hakijui. Asiwemo mkubwa pamoja na yule anayepewa alama naye. Asistanti hawezi kukiri kosa mbele ya profesa atakayesaini faili yake ya kupandishwa cheo.

Wakutane kila baada ya majuma mawili, kwa saa moja na nusu, kwa mzunguko wa miezi sita. Saa wachague ile inayowafaa akina mama pia. Mkutano unaoanza jioni umewafunga nje kabla ya kuanza. Barabara ikiharibika au hali ya usalama ikikataa, wakutane kwa simu, hata kwa sauti za WhatsApp, lakini siku isirukwe.

Mkutano uwe na sehemu tatu. Kwanza kila mtu anasema kwa dakika tatu: niliahidi nini, nimefanya nini, nini kimenishinda. Halafu mmoja anakaa kwenye kiti cha siku hiyo na kueleza shida yake kwa dakika kumi. Kwa dakika ishirini wenzake wanauliza maswali tu; ushauri haujaruhusiwa. Hapa ndipo walimu wanapata shida, kwa maana tumezoea kutoa majibu. Lakini swali zuri linafanya kazi kuliko hotuba. Mwishoni ushauri unatolewa kwa ufupi, na kila mmoja anaandika ahadi moja atakayoitimiza kabla ya mkutano unaofuata. Katibu anazisoma kwa sauti.

Turudi kwa mama yetu wa sosoma. Akikaa kwenye kiti hicho, mwenzake wa uchumi atamuuliza: kilo moja inakugharimu franga ngapi, ukihesabu kuni, mfuko na saa zako mwenyewe? Wa tiba atauliza: ni nani amepima kama unga huu hauna ukungu wenye sumu? Wa sheria atauliza: utauza kwa jina la nani? Na mmoja atauliza swali dogo kuliko yote: umezungumza na mama wangapi ambao si jirani zako? Huenda hana jibu hata moja. Atarudi nyumbani na ahadi moja: kuzungumza na mama ishirini wa soko kabla ya majuma mawili kupita. Hiyo inamgharimu nauli tu.

Sheria na haki za wanafunzi

Kuna mahali ambapo mwenzake wa sheria anaweza kumwokoa mtu. Nchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012. Sheria zake zinamruhusu mtu mwenye shughuli ndogo kuanza kama "entreprenant", kwa kujiandikisha tu, bila gharama na bila kuunda kampuni. Lakini sheria hizohizo zinasema kazi ya mfanyabiashara haipatani na kazi ya mtumishi wa serikali. Mwalimu wa chuo cha serikali asikimbilie kufungua duka kwa jina lake kabla ya kuuliza. Wa chuo cha kanisa asome mkataba wake. Mwaka 2022 ilitoka pia amri yenye nguvu ya sheria kuhusu kuinua ujasiriamali na kampuni changa, na kuna sheria ya mwaka 1982 inayolinda uvumbuzi. Mtu mmoja akizisoma na kuwaeleza wenzake, wote wanafaidika.

Swali lingine ni gumu zaidi, nalo ni la haki. Mara nyingi wazo la mwalimu lilikua kupitia kazi za wanafunzi. Kijana alizunguka vijijini, akapima, akaandika. Miaka miwili baadaye mwalimu anauza matokeo, na jina la kijana halipo. Vijana wetu wanayaona hayo, ingawa hawasemi. Kikundi kizuri kinamuuliza kila mmoja waziwazi: ni nani aliyefanya kazi hii pamoja nawe, na atapata nini? Tena mwanafunzi asilazimishwe kununua bidhaa ya mwalimu wake. Anayeogopa kupoteza alama hawezi kuitwa mnunuzi.

Yanayovunja vikundi

Vikundi vya namna hii havidumu bila kulindwa. Vingi huvunjwa na mambo haya.

Kulalamika. Mishahara haitoshi, umeme hakuna, barabara mbaya: yote ni kweli, na yanaweza kumaliza saa nzima kila mara. Basi kilio kipewe dakika tano, halafu kazi ianze.

Sifa tupu. Kwetu ni vigumu kumwambia mtu mzima kwamba jambo lake halijakaa sawa. Tunasema "hongera", halafu tunasema mengine nyuma yake. Ndani ya kikundi iwe kinyume: ukweli usemwe mezani, na nje kila mtu anyamaze. Atakayetoa siri ya mwenzake aondoke.

Kungoja mradi. Mara kikundi kinapojulikana, mtu atasema tuandike projet, tutafute wafadhili, tulipwe perdiem. Pesa ikiingia mapema inaleta wanachama wasio na kazi yoyote ya kuleta kwenye kiti. Mzunguko wa kwanza ufanywe bila pesa ya nje.

Kukaa na watu wa kwetu tu. Tukichagua wenzake kwa lugha ya nyumbani au kwa jumuiya ya kanisa, tunarudisha ndani ya kikundi mgawanyiko uleule unaotuumiza nje. Na tunakosa jambo la maana: mtu atakayeuliza swali ambalo ndugu yako hawezi kukuuliza.

Hofu ya kuacha. Katika miezi sita mmoja atagundua kwamba wazo lake halifai. Hiyo isihesabiwe kuwa aibu. Asaidiwe kulifunga vizuri, alipe madeni yake, na abaki na wenzake, kwa sababu sasa anajua jambo ambalo wao bado hawajalijua.

Kanisa linaweza kufanya nini

Tunasoma katika Matendo sura ya 18 kwamba Paulo alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila, kwa kuwa kazi yao na yake ilikuwa moja: kushona mahema. Mwalimu yule hakuona aibu kufanya kazi ya mikono, wala hakuifanya peke yake. Alikaa na watu wa ufundi wake, na kutoka benchi lile la kazi urafiki wao ukazaa mengi.

Basi makanisa yetu, ambayo mengine ndiyo yenye vyuo hivi, yanaweza kusaidia kwa mambo madogo. Chumba kimoja chenye meza kitolewe siku moja kila baada ya majuma mawili. Mchungaji asimsimange mwalimu anayeuza alichobuni, kana kwamba ameanguka kutoka mahali pa heshima. Akina mama wa kanisa waalikwe kuonja, kujaribu na kusema ukweli: uji huu ni mzito, mfuko huu unapasuka, bei hii hatuiwezi. Mwanachama wa AVEC anaweza kuja kuwafundisha maprofesa nidhamu ya daftari na faini, na wao wakae chini na kusikiliza. Wakuu wa vyuo nao, wanapopima kazi ya mwalimu, wahesabu pia kile kilichowafikia watu, pamoja na makala zilizochapishwa.

Haya yote yanaanza na mwaliko mmoja. Ikiwa wewe ni mwalimu na unasoma haya, fikiri juu ya watu watatu nje ya fakulte yako ambao unaweza kuwaambia, "Nina jambo, lakini nimekwama." Waite juma hili. Usiwape hotuba wala usiwaonyeshe picha za kompyuta. Wawekee chai, weka daftari mezani, eleza kwa dakika kumi, halafu nyamaza na kuwaacha waulize. Ikiwa wewe si mwalimu lakini unamjua mama wa sosoma katika mtaa wako, muulize Jumapili hii baada ya ibada: daftari lile liko wapi, na ni nani anayekusaidia kulifungua?